Sweta Lililochemshwa

Mwaka 1961, nikiwa na miaka minane, ndipo shida ilipotukuta, na mpaka leo shida hiyo kwangu ina harufu ya sufu iliyochemshwa. Ilikuwa Katanga, katika kambi ya wakimbizi pembezoni mwa Elisabethville, mji ambao sasa ni Lubumbashi. Tulikuwa Waluba, tumefukuzwa nyumbani, tunalala chini ya magunia na mabati. Wanajeshi wa kulinda amani walituzunguka: Waswidi, ambao sikujua kwamba nitakuja kuzeekea kwao, na Waairishi, watu wa Ayalandi. Mama yangu aliwafulia Waairishi. Kwa kila furushi walimpa sabuni na makopo ya samaki, na kwa makopo hayo tuliishi. Basi. Sitaki kulipamba jambo hilo.

Mama alijua pamba. Nguo ya pamba ukitaka ing'ae unaichemsha, unaigeuza kwa mti kama unavyosonga bukari, ugali wetu. Sufu hakuwahi kuigusa maishani. Siku moja askari mrefu, uso umejaa madoadoa, alimletea sweta lake zito la kijani, maana asubuhi za kiangazi kule zina baridi kali. Mama akalitia kwenye pipa linalotokota. Alipolitoa lilikuwa limerudi kuwa la mtoto, gumu kama mkeka, linanuka mbuzi aliyenyeshewa. "Mama yangu wee, nimeua nguo ya muzungu," akasema, akakaa chini. Jirani yetu Mama Kabedi, ambaye ulimi wake haukujua kambi wala vita, akamwambia, "Mupelekee tu. Mwambie ni yeye ndiye amenenepa." Hakuna aliyecheka. Tukikosa kufua, tunakosa kula.

Askari alipokuja, mama alimnyooshea sweta kwa mikono miwili, kichwa chini. Yule kijana akalitazama. Akajipima nalo kifuani, likaishia juu ya kitovu. Kisha akacheka mpaka madoadoa yakapotea kwenye wekundu wa uso, akanivisha mimi. Lilinienea kana kwamba nimepimwa na fundi. Kesho yake akaleta furushi jingine, pamba tupu. Sweta hilo nililivaa mpaka mikono yake ikanikomea viwikoni, na bado nilikuwa nalo mama alipofariki miaka miwili baadaye. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Uso wake umenitoka. Nasema kweli, ingawa ni aibu.

Ndiyo maana kila Jumapili nikitoka kanisani, mjukuu wangu Sifa, anayesomea uuguzi Flemingsberg, huku kwa Waswidi, hunifungulia kompyuta tukatafuta filamu za zamani za habari za jeshi la Ayalandi. Watu huniuliza, wewe na Ayalandi wapi na wapi? Tumeona magwaride yao, bendi zao, wakipanda ndege kwenda Kongo wamevaa sufu kama wendawazimu, na majeneza yao yakirudi. Nimewalilia vijana wale. Hawakumzidi Sifa umri.

Mwezi uliopita alibonyeza, akasimamisha. "Mormor, titta!" Bibi, tazama. Mimi humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiswidi, tumezoeana. Ilikuwa kambi yetu. Askari wawili wanavuta sigara, na kando yao kasichana kamevaa sweta la jeshi. Kwenye filamu ni la kijivu. Ukijani wake naujua mimi. Nyuma yangu mwanamke ameinama kwenye beseni, ametupa mgongo. Anakamua nguo kwa kuizungusha kwenye mkono wa kushoto, mara mbili, kisha anaipiga hewani. Halafu filamu inakatika. Hakugeuka. Tuliirudisha sijui mara ngapi, nami naiambia kompyuta, "Mama, geuka kidogo tu." Mwishowe nikasema labda si yeye, wanawake walikuwa wengi. Sifa akanishika kiganja, na siku hiyo akajibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Ni yeye. Wewe unakamua hivyo hivyo. Na mama. Na mimi."

Shule niliacha darasa la pili, sikurudi. Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Hallonbergen, yangu mwenyewe. Nina duka la dobi Tensta, mashine sita, na sufu za watu naziosha kwa mikono yangu, kwa maji baridi, simwachii mtu. Nina watoto wanne na wajukuu tisa. Nina sekunde nne za mgongo wa mama.