Matumba Matatu Chini ya Taa Nyeupe

Nianze kwa kutenganisha mambo mawili. Kwamba rafiki yangu alifariki Ijumaa alfajiri nyumbani kwa bintiye, hapa Kibaha, niliambiwa kwa simu. Kwamba amezikwa Kibuta, kule Kisarawe, nimeshuhudia mwenyewe. Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye kucha zangu niliporudi. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba sichanganyi hayo mawili. Watu msibani wameniuliza kama ninalia. Silii. Sijui kwa nini.

Tulifahamiana nilipokuwa nikifundisha Kisarawe, naye akilima. Miguu ilipokataa kumbeba, bintiye alimleta kwake Tumbi, hapa hapa Kibaha, jirani na kwangu. Alikuja na kopo lenye kipandikizi cha mwasumini ulioachwa na marehemu mkewe. Dirisha la chumba chake lilitazamana na ukuta, jua halikuingia. Binti alitaka kulitoa kopo nje. "Nje sitauona," alisema mzee mwenzangu. "Nataka niuone ukitoa ua, walau mara moja." Nikajitolea kumtafutia taa ya kukuzia mimea.

Dukani kijana alinisogezea taa ya zambarau. "Shikamoo mzee. Hii ndiyo yenyewe, mimea inaipenda balaa!"

"Marahaba. Nani amekwambia?"

"Kila mtu, mzee."

Siku hizi bidhaa husifiwa kabla haijafanya kazi, nasi hununua sifa. Nikachukua hiyo pamoja na nyingine nyeupe, nikapanda mchicha nyumbani kwangu katika makopo mawili, kila taa shubiri mbili juu ya kopo lake. Wakati huo mwasumini ulikuwa ukipukutisha majani gizani, na kila nilipopita kumjulia hali aliniuliza habari ya taa. "Niletee yoyote, bwana! Wewe hata Israili akija utamdai kitambulisho." Nilicheka, nikamwambia tungoje mchicha useme. Ulisema baada ya wiki tatu: wa zambarau ulirefuka na kulegea, wa taa nyeupe ulikuwa mfupi, wenye shina nene. Nilikuwa sahihi. Nikamfungia nyeupe, na mwasumini ukachipua upya.

Nimefundisha miaka mingi kwamba jambo lipimwe kabla ya kuaminiwa, na leo silikani. Ila kupima nako hula muda, na wiki zile tatu hazikuwa zangu. Nilizitumia kana kwamba ni zangu. Anayetaka kunifuata katika kupima, aulize kwanza ni nani anayengoja.

Msibani binti alinijia. "Baba mdogo, Alhamisi jioni ua moja lilifunguka. Baba akainua kichwa, akanusa, akacheka."

Huenda ndivyo. Huenda amenihurumia. Sikumhoji. Mara yangu ya mwisho kuingia chumbani mle ilikuwa Jumatano alasiri. Taa ilikuwa ikiwaka, mzee mwenzangu kaligeukia kopo. Niliyahesabu matumba: matatu, yote yamefumba.