Tulisema Yuko Jinja

Iko siku moja, Swaliki mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa natafuta mahali pa kukaa. Nitakusimulia leo. Ulikuwa hujui kama una mama mdogo, na mimi ndiye niliyekuficha, kwa hiyo usinikatize mpaka nimalize.

Kwanza niseme kilichonifikisha hapa. Afande Opio wa magereza, jirani yetu hapa Walukuba, Jinja, ameleta picha ya binti yake kwenye kundi la simu la mtaa, lile ambalo wewe ndiye msimamizi wake. Mtoto anaitwa Brenda, ana miaka kumi na tano. Ametoka kwao Jumatatu na sare ya shule, na leo ni Alhamisi. Watu wakaanza kubishana. Mmoja akasema msichana wa umri huo hapotei, yuko kwa mwanamume. Mwingine akasema afande ana bunduki na gari la serikali, atafute mwenyewe. Wa tatu akauliza mbona watoto wa wengine wakipotea redio haitangazi. Na wewe, mwanangu niliyekunyonyesha, ukaifuta picha ya mtoto wa watu, ukaandika kwamba kundi ni la mambo ya umma, mambo ya nyumba ya mtu yabaki nyumbani kwake.

Mke wako aliponisomea maneno hayo nilidhani ananitania. Nikamwambia asome tena. Banange! Tangazo la pikipiki iliyoibwa Kimaka limekaa humo wiki nzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama pikipiki ni mambo ya umma. Tangu asubuhi nimepigwa na butwaa, chai imepoa mbele yangu mara mbili. Ningependa kusema sijakukasirikia, lakini nitakuwa muongo. Nimekukasirikia sana. Ila hasira kubwa ni juu yangu mwenyewe, kwa sababu maneno yako hayo niliyasema mimi kabla hujazaliwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tunakaa Mbale, pale Namakwekwe. Mama alikwisha kufariki, na nyumba niliiendesha mimi. Baba, Mzee Juma, alikuwa muuza vitambaa, mtu wa safu ya kwanza msikitini, mtu ambaye akipita watu wanapunguza sauti. Nyuma yangu alikuwapo mdogo wangu, Zaituni, miaka kumi na tano. Ana shingo ndefu, anaongea huku anakula, na kicheko chake kilikuja wakati usiofaa, hata matangani. Tulimfinya sana kwa ajili ya kicheko hicho. Na shule aliipenda kupita kiasi.

Jumatatu moja wakati wa chakula, Baba akamwambia muhula huu ndio wa mwisho, msichana akishajua kusoma barua inatosha, sasa amsaidie dukani. Zaituni hakulia. Aliosha vyombo, akavipanga, akaingia ndani. Nikajisemea, heri, amekubali.

Asubuhi yake nikamtuma kwenye mashine ya kusaga na debe la mahindi, tupate unga wa kusonga posho. Saa sita ikafika hajarudi. Nikavaa kandambili nikamfuata. Yule msagaji akanionyesha debe letu, unga umeshatoka, umeshapoa, na mwenyewe hakurudi kuuchukua. Nikakimbia nyumbani. Sare yake ya shule haikuwa kwenye msumari.

Baba alipoingia nilimwambia. Sasa sikiliza alichouliza. Hakuuliza mtoto anaweza kuwa wapi. Aliuliza, "Nani amejua?"

Nikasema hakuna.

"Basi asijue mtu. Wakiuliza, yuko Jinja kwa shangazi yake."

Unajua mambo yetu huku mashariki. Msichana wa umri ule akienda kukaa kwa senga wake, dada wa baba, hakuna anayeshangaa. Huko ndiko anakofundishwa mambo ya wanawake. Ukisema yuko kwa senga, watu wanatabasamu na maswali yanakwisha. Ukisema amepotea, wanasema ana mimba, au amekwenda na askari. Na nisikufiche jambo, mwanangu: mimi mwenyewe nilikuwa na posa mkononi. Barua ilikuwa imetoka kwa watu wa Jinja, wanangoja jibu. Niliogopa wakisikia habari za mdogo wangu wataniacha. Kwa hiyo Baba hakuhitaji kunishawishi, niliufuata uongo ule kwa miguu yangu miwili.

Baba alimtafuta, usidhani hakumtafuta. Alikwenda Tororo, akaenda Soroti, akisema anafuata mzigo wa vitambaa. Lakini utamuulizia vipi mtoto ambaye umesema hajapotea? Alikuwa anatembea tu stendi za magari akitazama nyuso za watu. Akirudi hasemi neno, nami simuulizi. Ijumaa ile, baada ya swala, spika ya msikiti ikatangaza mbuzi wa Haji mmoja amepotea, wa kike, sikio la kushoto limechanika, atakayemwona tafadhali. Ikatangaza mara mbili. Baba alikuwa amekaa humo ndani akisikiliza. Mimi niliisikia nikiwa jikoni, na nikaendelea kukoroga.

Siku ya tisa akaja mwanamke mmoja uani kwetu. Tulimwita Mama Apio, mke wa polisi, mtu wa kaskazini, wanakaa kwenye kambi ya polisi. Alikuwa mteja wa Baba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Nilikuwa nachambua maharage.

"Habari, dada. Mimi nauliza tu. Ile mdogo yako iko wapi?"

"Yuko Jinja kwa shangazi," nikasema bila hata kuinua kichwa.

"Kweli?"

"Kweli. Juzi ameleta barua. Anasema amenenepa." Hakuna aliyeniomba unene, Swaliki. Niliuongeza mwenyewe, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga.

Mama Apio akasimama kidogo. "Kwa hiyo hakuna mtu natafuta yeye?"

"Atafutwe kwa nini? Hajapotea."

Alinitazama sana. Kisha akasema, "Sawa, dada. Nisamehe," akaondoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisifu! Baba aliporudi nikamweleza jinsi nilivyomfukuza yule mbea wa kambini. Baba akasema, "Umefanya vyema." Nililala vizuri siku ile.

Siku tano zikapita. Walikuwapo wanawake watatu wa jirani barazani, wamekuja kunisaidia kushona foronya za harusi yangu, maana posa tulikuwa tumeshaijibu. Mara tunasikia sauti njiani. Ni senga mwenyewe, Shangazi Hawa, ameshuka kutoka Jinja bila taarifa, kikapu cha dagaa kichwani, amekuja kwa hamu ya malewa, yale machipukizi ya mianzi, maana Jinja huyapati malewa mazuri kama ya Mbale. Anaita kwa furaha kabisa, "Zaituni! We Zaituni! Njoo umpokee senga wako mzigo!"

Sindano zikasimama. Mmoja wa wale wanawake akasema polepole, "Si yuko kwako?"

"Kwangu? Tangu Idd sijamwona."

Lo! Nilitaka kusema kitu, chochote, nami ndiye niliyekuwa hodari wa kusema. Wote wanne wakanigeukia, na Shangazi akakiteremsha kikapu bila kuondoa macho kwangu. "Fatuma," akaniita, "mtoto yuko wapi?"

Alasiri hiyohiyo wazee walijaa barazani kwetu. Ungedhani watatoka kwenda kumtafuta. Walikaa wakajadili! Huyu anasema ni jambo la nyumba ya Juma, tumwachie Juma. Yule anasema likitangazwa, jina la Waislamu wa mtaa litaharibika, na wale askari wa kambini watatucheka. Mwingine anauliza kama msichana aliyeondoka kwa miguu yake anahesabiwa amepotea. Nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la vikombe, na sikuona ajabu yoyote katika maneno yao. Yalikuwa maneno yangu.

Muadhini wetu alikuwapo, mzee mfupi, mshona viatu, mtu ambaye hatukumhesabu sana. Akasimama akavaa makubazi yake. Akasema, "Mbuzi tumemtangaza mara mbili." Halafu akatoka. Hakungoja ruhusa ya mtu. Baada ya muda mfupi tukaisikia spika: Zaituni binti Juma, miaka kumi na tano, ametoka nyumbani siku kumi na nne zilizopita, baba yake anamtafuta. Baba aliposikia neno hilo la kutafuta, alifunika uso kwa kanzu yake akalia mbele ya watu wote.

Sauti ilifika kambini. Haikupita saa moja, Mama Apio akaingia anakimbia, hana viatu. Hakumsalimu yeyote. Alinijia mimi.

"Wewe! Wewe ulisema iko Jinja! Ulisema ameleta barua!"

Hapo ndipo nilipojua. Zaituni alikuwa nyumbani kwake muda wote ule nilipokuwa nachambua maharage. Mama Apio alikuwa amemkuta bombani ana homa kali, akamchukua, akampa dawa, akamlaza na watoto wake. Alipopata nafuu alitaka kumrudisha. Zaituni akakataa. Akamwambia, "Nenda kaulize. Kama wananitafuta nitarudi mwenyewe. Kama hawanitafuti, basi."

"Mimi nakuja kuuliza wewe," Mama Apio akasema, na machozi yanamtoka. "Narudi, nasema kwa yeye, hakuna mtu natafuta. Wanasema uko Jinja. Umeandika barua, umenenepa."

Shangazi akamuuliza, "Naye akasemaje?"

"Alicheka tu. Asubuhi naamka, kitanda iko tupu. Blanketi amekunja."

Mwanangu, nimezika mama, nimezika baba, nimemzika baba yako. Sijawahi kusikia neno lililonipiga kama lile. Nilikaa chini palepale kwenye mchanga. Ningesema tu, ndiyo, tunamtafuta, mdogo wangu angekula chakula cha mchana nyumbani siku ile. Kambi ya polisi ni mwendo wa dakika ishirini kutoka kwetu, na si zaidi.

Baada ya hapo tulitangaza kila mahali. Misikitini, makanisani, redioni. Mume wa Mama Apio alipeleka jina Busia, Soroti, hata Gulu kwa watu wake. Mtu mmoja alisema amemwona juu ya lori. Ni hayo tu tuliyopata. Mpaka leo sijui kama yu hai.

Na ile posa? Watu wa Jinja hawakuivunja. Walikuja kutupa pole, wakatafuta pamoja nasi, kisha wakanioa. Baba yako aliniambia mwenyewe, hata siku moja hawakufikiria kuniacha. Nilimficha mdogo wangu kwa hofu ya jambo ambalo halikuwapo.

Sasa sikiliza nasaha yangu, maana nimeilipia. Nyinyi mnauliza kama mtoto wa Opio ni jambo la umma. Umma ni nani, Swaliki? Mimi si umma? Yule anayekaanga chapati kona ile, aliyemwona Jumatatu akipita au asimwone, si umma? Mtangaze kwanza, mbishane baadaye. Akipatikana kwa mwanamume, ashukuriwe Mungu kwamba amepatikana, na huyo mwanamume aulizwe anafanya nini na mtoto. Akipatikana kwa rafiki yake anakula viazi, mtacheka na yatakwisha. Aibu hata iwe kubwa namna gani, watu huichoka. Kitanda kitupu mimi sijakichoka wala hakijanichoka. Na usimpime mtoto kwa kazi ya baba yake au dini yake au kabila lake. Aliyemchukua wa kwetu alikuwa mke wa polisi tuliyemwita mbea.

Zaidi ya yote, mkumbuke kwamba mtoto mwenyewe anaweza kuwa anasikia. Siku hizi hata wanasoma. Brenda akiishika simu ya mtu huko aliko, ataona nini? Ataona wakubwa wa mtaa wake wamekaa wakiulizana kama anafaa kutafutwa, na wewe umempa jibu.

Kwa hiyo utairudisha ile picha, na chini yake utaandika jina langu, Hajati Fatuma, kwamba na mimi namtafuta. Kisha twende wote kwa Opio, nimpe pole mkewe uso kwa uso, na wewe uombe radhi kwa mdomo wako. Ukimaliza, andika na lile lingine ambalo sikuwahi kuliandika: Zaituni binti Juma wa Namakwekwe, shingo ndefu, hucheka wakati usiofaa, dada yake anamtafuta. Najua ni bibi mzee sasa, kama yupo. Andika hivyohivyo.

Mungu akulinde, mwanangu, na watoto wako wakue mbele ya macho yako. Brenda amrudishe kwa mama yake akiwa mzima. Na siku wewe utakapopotea, maana sisi sote tunaweza kupotea, akujaalie mtu mmoja tu asiyeona haya kusimama mbele za watu na kusema: huyu ni wetu, na tunamtafuta. Amina.