Macho ya Mkwe Kiooni

Masika ishirini na saba yalikuwa yamepita juu ya bati la kibanda cha Mudathiru, fundi cherehani wa Gisenyi, na katika muda huo wote hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Ndivyo alivyolelewa: mkwe hustahiwa kwa macho yaliyoinama.

Kisha kiharusi kikamwangusha Bi Mukashyaka, akapooza na ulimi ukafungwa. Akalazwa chumba cha nyuma ya kibanda. Bintiye Isimbi, mke wa fundi, huvuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza vitenge Goma. Hivyo ulinzi ukamwangukia Mudathiru. Naye atamlindaje asiyeruhusiwa kumtazama? Akakitwaa kioo cha wateja, akakitundika mbele ya cherehani, kikamwonyesha kitanda kupitia mlango wa chumba hali amekipa mgongo. Akaridhika, maana kutazama kioo si kutazama mtu.

Lakini kioo kilimtia baridi. Kitanda hakikuonekana juu ya kioo bali nyuma yake, mbali ndani ya ukuta. Siku moja alitoka nje, akahesabu hatua hadi pale mgonjwa alipoonekana kulala. Alikuta pikipiki ya abiria imeegeshwa. Aliporudi kitini, macho ya mkwe yalikuwa wazi kiooni, yakimkazia. Akainama kushoto; yakamfuata. Akainama kulia, yakamfuata. Akasoma Ayatul Kursi, uzi ukamponyoka.

Wiki hiyohiyo akaja Bahizi, mdogo wa kiume wa Bi Mukashyaka, akasema palepale mlangoni pa chumba: "Dada amebaki gogo tu. Jumamosi tunamupeleka kwetu kijijini Nyamyumba, angoje siku yake kule. Hajui tena hata mahali iko."

Kesho yake Mudathiru akamwita Sulaiman, fundi vioo jirani.

"Sulaiman, toa hiki kioo. Iko mutu ndani."

"Iko wewe ndani, na hiyo sura yako ya kutisha watoto!"

"Acha mchezo, ndugu yangu. Mama ananiangalia."

Sulaiman akaketi kwenye kiti cha cherehani, akatazama, kicheko kikamkauka. "Bon, sikia. Ulifikiri utamuona yeye asikuone? Mwanga unapiga kioo kwa mwinamo, unarudi kwa mwinamo uleule. Njia ya kwenda ndiyo ya kurudi. Kama unaona macho yake, naye iko anaona yako. Tangu siku ya kwanza."

Sulaiman alipoondoka, Mudathiru alirudi kitini. Miezi mitano tangu kiharusi! Yote yaliyosemwa juu ya kitanda kile, ya sanda na ya kaburi, yalisemwa mbele ya mtu mzima wa akili? Akakielekea kioo, akanong'ona: "Mama, kama unanisikia, funga macho mara mbili."

Kule ndani ya ukuta macho yakafumbwa. Yakafumbuliwa. Yakafumbwa tena.

Hapo akageuka, akamtazama mkwe wake uso kwa uso. Mashavu ya bibi yalikuwa yamelowa.

"Mama, unataka kwenda Nyamyumba?"

Macho yakabaki wazi, makali kwa hasira.

"Unataka kubaki kwa Isimbi?"

Yakafumbwa mara mbili, upesi.

Jumamosi Bahizi alipofika na gari, Mudathiru alisimama mlangoni. "Mjomba, muulize mwenyewe. Akikubali atafunga macho mara mbili." Bahizi aliuliza mara tatu, akatoka amejifunika uso kwa viganja, na gari likarudi tupu.

Mwenyezi Mungu amsamehe Mudathiru aliyoyakosa kwa kudhani ni adabu, amrudishie Bi Mukashyaka ulimi wake akipenda, ambariki Isimbi na uzao wake wote, wala asimwache yeyote wa ukoo huo akazikwa katika maneno ya watu ilhali yu hai. Amina.