Harufu ya marehemu baba ndani ya gari, na nozeli ya nne

Wakuu, habari za humu.

Hili hata mke wangu sijawahi kumsimulia lote. Nalileta kama lilivyotokea, bila chumvi. Atakayecheka acheke, ila asome mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Lukozi, huku juu Lushoto. Baba yangu alikuwa anawauzia bodaboda petroli ya chupa, kibanda kiko pale pale nyumbani. Miaka yote. Mzee alinuka petroli hadi kanzu ya Ijumaa. Mama alikuwa akimtania kwamba siku akipotea atamtafuta kwa pua.

Tulikuwa na gari moja la zamani, umri wake unakaribia wangu. Ndilo lililotupeleka shule, harusini, misibani.

Mzee akafariki. Tukamzika kwao, bondeni, chini ya kona moja kali ya njia ya kwenda Lushoto mjini. Ukifika kwenye kona unashuka kwa miguu, kijia kinaonekana.

Sasa hapa ndipo tulipokosea. Mama alipoingia eda, familia ikaamua gari nalo lipumzike. Hakuna kuliwasha, hakuna kuliosha, vioo vifungwe. Miezi minne na siku kumi limekaa vile vile alivyoliegesha yeye. Tuliona ni heshima. Funguo nilikuwa nazo na sikuthubutu.

Eda ilipoisha, mama alikuwa na kliniki ya presha mjini. Asubuhi, ukungu wetu ule ambao unaendesha kwa kukumbuka barabara. Nikamfungulia mlango wa mbele, akakataa, akakaa nyuma. Nikadhani anataka kunyoosha miguu.

Tulipofika kwenye ile kona gari likaanza kumisi. Likatetemeka, nguvu zikakata, tukawa tunatambaa. Halafu harufu ikaingia.

Petroli. Wala si kali. Ile ile ya kanzu ya mzee.

Nikamtazama mama kwenye kioo. Alikuwa anatabasamu, macho yako kwenye kiti cha mbele, kitupu. Akasema taratibu, kwa Kisambaa, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya:

"Leo umechelewa."

Hakuwa anasema na mimi.

Wakuu, nywele zilinisimama. Tulipomaliza kuupanda mlima wa pale konani, gari likatulia, harufu ikapotea.

Safari ya pili, hivyo hivyo. Kona ile ile. Nikamwambia mama gari nilipeleke kwa fundi. Akanishika mkono.

"Mwanangu, usimtoe."

Sikulipeleka. Niliogopa kumuumiza. Na nisiwafiche, mimi mwenyewe nilishaanza. Safari ya tatu nilipofika pale nilisema shikamoo baba, kimoyomoyo, na nikajisikia nimeitikiwa.

Siku hiyo hiyo, mama akiwa ndani kwa daktari, akapita fundi Hoza, aliyekuwa akilifanyia gari sevisi enzi za mzee. Nikamwamkia. Akaja kunipa pole, akaweka mkono kwenye boneti huku anaongea. Akavuta pumzi. Akanyamaza katikati ya sentensi.

Akaniambia nifungue boneti na nisiguse funguo.

Kwa wasiojua, nozeli ndizo zinazopulizia petroli ndani ya injini. Letu linazo nne. Kila moja ina mpira mdogo wa mviringo, oringi, unaozuia mafuta yasivuje. Oringi ya nozeli ya nne ilikuwa imekauka na kupasuka. Petroli ilikuwa inatoka kama jasho, inateremka juu ya injini ya moto. Alama zake zilionekana, zimekauka njano.

Akaniuliza gari lilikaa muda gani bila kuwashwa. Nikamwambia. Akasema oringi za zamani hivyo, mafuta yakiacha kupita, zinasinyaa, na petroli iliyolala inaacha utando kwenye nozeli. Kwenye kona mlima ni mkali, nozeli zikashindwa kutoa mafuta ya kutosha. Na kwa vile tulikuwa tunatambaa, hakukuwa na upepo wa kuiondoa harufu, ikaingia ndani.

Akauliza nambeba nani. Nikasema mama.

"Mdogo wangu," akasema, "ulikuwa unampeleka mama yako kwa baba yako."

Nilikaa chini pale pale kwenye kokoto.

Gari likavutwa hadi kwake. Akamwaga petroli yote ya zamani, akasafisha nozeli tatu, ya nne akaibadilisha, oringi zote mpya. Mama nilimweleza kila kitu. Akauliza swali moja tu, kama mzee atanuka tena. Nikasema hapana. Jioni ile hakugusa chakula.

Kliniki iliyofuata, ukungu tena. Mama nyuma tena. Gari likapanda kona bila kutetemeka, harufu hakuna kabisa.

"Simama," mama akasema.

Nikasimama, nikavuta breki ya mkono.

"Mfungulie."

Nikainama, nikafungua mlango wa mbele wa kushoto. Ukungu ukaingia. Kisha nikahisi gari limeinuka kidogo upande ule, kama linavyofanya abiria mzito akishuka.

Mama alikuwa anatazama kijia. Akatazama mpaka nikaanza kusikia baridi.

"Funga. Ameshuka."

Fundi Hoza anasema ni springi, gari likisimama mlimani hujirudi. Nakubali. Springi hizo nimesimama nazo pale mara nyingi baada ya hapo, hazijarudia.

Nilichojifunza: gari la marehemu liwasheni, hata kama mna uchungu kiasi gani. Liacheni lingurume, mafuta yazunguke. Na ukisikia petroli ndani ya gari, zima, shusha watu, ita fundi, hata kama harufu hiyo unaipenda. Mimi nilimkumbuka baba mpaka nikakaribia kumchoma mama.

Mafundi mlioko humu, hiyo habari ya springi ikoje? Na aliyewahi kubeba mtu asiyemwona naye aandike hapa chini, sitamcheka.

Kwa watakaouliza: mama siku hizi anakaa kiti cha mbele.