Mchuzi wa Chini ya Pipa

Mwaka wa hamsini na moja, ukipita upande wa Njoro wakati wa kukata jeraniamu, pua ndiyo iliyokuambia umefika. Majani yale hunukia kama waridi. Kazi ya Kimutai ilikuwa kuchochea moto chini ya pipa kubwa la shaba yalimochemshiwa. Mvuke ulipanda, ukapita kwenye bomba lililozama katika maji baridi, ukatoka upande wa pili ukiwa maji, mafuta yakielea juu yake. Mafuta yalitiwa chupani yaende Ulaya. Maji yalimwagwa mtaroni, na watu walisema vyura wa mtaro ule wananukia kuliko mabibi wa Nakuru.

Mkewe, Chepkosgei, alichuma pareto shamba la jirani, na kwa wepesi wa vidole hakuwa na mwenzake. Lakini msimu ule pareto ilimgeuka. Vumbi la maua lilimwasha uso na mikono, akawa anajikuna hata kanisani. Mnyapara akamwambia, "Mama, nakupa wiki mbili. Ukifika Jumatatu ile bado unajikuna, kikapu chako nampa mwingine."

Chepkosgei alirudi nyumbani, akakaa akiutazama ukuta. Kuchuma ndiko kulikomfanya atembee kifua mbele.

Kimutai akamweleza Kahiga, mzee aliyekuwa fundi wa pipa. "Mpelekee maji ya jeraniamu," Kahiga akasema. "Wapishi wa bwana mwenye shamba hunawa nayo uso wakichomwa na jua. Ngozi hutulia."

Sasa, kwao Kimutai dawa ni mizizi iliyotokoswa pamoja na nyama, na nguvu yote hukaa chini ya chungu. Basi akangoja pipa lipoe, akachota ya chini kabisa, meusi kama chai iliyoungua. Chepkosgei akajipaka, akaenda kazini.

Wanawake walimnusa kabla hajafika. "Leo amejipaka supu," mmoja akasema. "Nani ana ugali?"

Jioni akamsimamisha mumewe mlangoni. "Baba Chepkorir, hii ni dawa au umeniunga kama mboga?"

Kahiga aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Bwana, hayo ni makapi. Utamu wa majani umeshapanda na mvuke. Chota yanayotoka bombani, tukishaengua mafuta. Usiguse mafuta yenyewe, ni makali."

"Kumbe supu inapanda juu?"

"Kwenye pipa langu inapanda."

Kimutai akachemsha chupa, akahakikisha haikuwahi kutiwa mafuta ya taa, akaijaza maji meupe yaliyopoa. Kahiga hakuishia hapo. Alimwagiza Chepkosgei ashushe mikono ya blauzi akichuma, na jioni aoshe vumbi lote kwa sabuni kwanza, ndipo ajipanguse kwa kitambaa kilichochovywa katika maji hayo. Siku tatu Chepkosgei hakuona nafuu. Siku ya nne alilala bila kujikuna, Kimutai akaamka kusikiliza kama bado anapumua.

Jumatatu ikafika. Mnyapara akaigeuza mikono ya Chepkosgei, mbele na nyuma, akanusa.

"Mama, harufu hii ni ya nini?"

"Ya mtaro."

Mnyapara akampa kikapu. Kufika saa nne Chepkosgei alikuwa amewapita wanawake watatu. Wa mwisho wao, shingo yake imechubuka kwa kujikuna, akamwita kwa sauti ya chini.

"Dada, mtaro huo uko wapi?"

"Maliza mstari wako kwanza," Chepkosgei akasema, "tutaenda pamoja."