Bahasha ya Mkono wa Kushoto

Naweka dau la pikapu yangu, na matairi yake mapya, kwamba hamtaniamini. Na hapa bondeni kwa kusimulia sina mpinzani, waulizeni hata wanaonichukia. Lakini taya lilivunjika kweli, na meno yaliokotwa.

Orrin Tackett alizaliwa Harlan Creek, Oregon, na alianza kupiga watu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na tano, siku aliyomtupa mwalimu dirishani. Dirisha lilikuwa wazi, tumshukuru Mungu. Akaingia kiwanda cha kupasua mbao. Msumeno ukamla vidole viwili vya mkono wa kushoto, akafunga leso, akamaliza zamu. Hata kaka yake mwenyewe, Orrin alimvunja mtulinga kwa kugombea samaki, tena samaki mdogo.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumnyanyulia mkono: Maybeth, mkewe. Moyo wa Maybeth ulishasimama mara mbili. Mara zote mbili ambulensi ilifika haraka, kwa sababu inalala palepale kijijini, nyuma ya duka la chakula cha mifugo.

Sasa vuli ile tukaambiwa tupige kura. Ama tukubali kodi ili ambulensi ibaki, ama iende mjini, maili hamsini, kuvuka mlima. Orrin alijua hesabu hiyo bila kufundishwa: ikienda mjini, mara ya tatu Maybeth hafiki hospitali.

Kwetu kura inaletwa nyumbani na posta. Unaweka alama, unatia kwenye bahasha, unasaini kwa nje, unairudisha kwa posta au unaitumbukiza kwenye sanduku la chuma mbele ya maktaba. Orrin hakuliamini sanduku hata kidogo.

"Ile saini hakuna mtu anayeiangalia," alinguruma mgahawani, mayai mdomoni. "Chora hata ndizi, inapita. Watatuibia!"

"Wewe Orrin, lini umechora ndizi ikafanana na ndizi?" akauliza mama mwenye mgahawa.

"Chekeni tu. Mwizi akija pale atanikuta."

Jumamosi asubuhi akaegesha gari mbele ya sanduku, akakaa na kahawa yake kama mbwa wa mlangoni. Mara akaja Delbert Quimby, kaka yake Maybeth, tarishi mstaafu wa posta, na mkoba begani. Akatoa bahasha. Akatoa nyingine. Orrin akahesabu mpaka kumi na mbili, akashuka.

"Za nani hizo, shemeji?"

"Yangu, na za wazee wa kule juu. Hawaendeshi tena."

"Kumi na mbili? Unavuna kura kama mahindi?"

"Sheria inaruhusu, bwana. Toa tumbo lako hapo. Na moja ni ya—"

Hakumaliza. Ngumi ya kwanza ilimpata sikioni, bahasha zikaruka. Lakini Delbert miaka thelathini alipambana na mbwa wa watu, si mtu wa kulala chini. Alimpiga Orrin goti la kinena, akamkamata nywele, akaukwaruza uso wake kwenye ukuta wa maktaba mpaka rangi ya ukuta ikabadilika. Orrin akajinasua, akavuta ngumi ya kulia kutoka kisiginoni. Delbert akainama. Ngumi ikalipata sanduku la chuma. Mifupa ya mkono ilisikika ikivunjika mpaka ng'ambo ya barabara. Orrin akapiga yowe, na kwa hasira ya maumivu akageuka na kiwiko, akalipasua taya la Delbert vipande viwili. Mtu akaanguka juu ya bahasha, damu ikamtoka kama bomba.

Ambulensi ilifika kwa dakika sita. Ndiyo, ileile.

Orrin akiwa amepiga magoti, akisubiri askari aje na pingu, akaiona bahasha moja karibu na goti lake. Ilikuwa na damu pembeni, na saini ndogo safi: Maybeth Tackett. Alimpa kaka yake, maana mumewe alimkataza kulikaribia sanduku.

Askari alizikusanya zote, akazipeleka ofisi ya uchaguzi. Kwa zile zilizolowa damu, wakakaa watu wawili, mmoja wa chama hiki, mmoja wa kile, wakanakili kura kwenye karatasi safi huku wakichungana. Orrin akalala mahabusu siku mbili. Jumanne, siku ya mwisho ya kura, mkono wa kulia ukiwa ndani ya plasta, akasaini bahasha yake kwa kushoto, kwa vidole vitatu.

"Hiyo ni saini au mende kakanyagwa?" Maybeth akauliza.

"Nimekwambia haiangaliwi na mtu."

Baada ya wiki barua ikaja: saini yako hailingani na iliyopo ofisini, kura yako haijahesabiwa. Na kodi ya ambulensi ilikuwa nyuma kwa kura moja.

Orrin aliingia ofisini na kuishusha plasta juu ya kaunta mpaka kioo kikapasuka.

"Mmeniibia!"

"Kioo hicho utanunua," akasema Ruthanne Sorvik, mama wa kura, bila hata kusimama. Akamwonyesha saini yake ya zamani, O kubwa kama gurudumu, na ile ya mende. "Ungekuwa wewe, ungeipitisha?"

Orrin akatazama. Akaondoa mkono kauntani.

"Lete kitambulisho, saini fomu. Zimekwama mbili tu. Ya pili haina saini kabisa. Mwenyewe huyo nyuma yako."

Alikuwa Delbert, taya limefungwa nyaya. Huwa anasaini yake mwisho, palepale kwenye sanduku. Siku ile hakuwahi.

"Saini, shemeji," Orrin akasema. "Mimi nioze jela. Saini kwa ajili ya dada yako."

Delbert akaandika kwenye kijitabu: NILIKUJA KUSAINI. ILA KWANZA NIKUPIGE MOJA.

"Nje," Ruthanne akasema. "Humu ni ofisi."

Wakatoka. Orrin akaweka mikono nyuma, maisha yake yote hakuwahi kusimama hivyo. Delbert alimpiga moja tu, ya kitarishi, ikafika palepale ilipotumwa. Meno matatu yakatua kwenye changarawe. Kisha Delbert akarudi ndani, akasaini. Orrin akamfuata, akasaini, damu ikidondokea fomu.

Kodi ikapita kwa kura moja.

Februari moyo wa Maybeth ukasimama mara ya tatu. Ambulensi, dakika saba. Yuko jikoni kwake sasa hivi, anakaanga viazi.

Orrin alikosea kitu kimoja. Alisema saini haiangaliwi na mtu. Inaangaliwa.