Boksi Lililotoa Moshi Kanisani

Shoga yangu, wewe nakuamini ndiyo maana nakusimulia, ila aibu niliyoipata siku ile, mpaka leo nikipita mbele ya kanisa najifunika khanga usoni.

Mimi ni mhudumu wa hospitali hapa Morogoro (kusoma nimesomea ngumbaru, jioni, mtoto mgongoni). Binti yangu Yustina aliumwa utumbo miaka miwili, wakamwingiza mpira kooni, akalia mpaka na mimi nikalia, wakatoa kinyama kama punje ya mchele. Kinyama hicho na vya wagonjwa wengine kumi vilitakiwa kwenda maabara ya pamoja, kule wanakoangalia jeni zipi zinafanya kazi utumboni na zipi zimelala. Siku hizi za soko huria kila mtu na chake, lakini mashine ya maabara ile ni ya wote, daktari wa Mgeta anapanga foleni na profesa wa Dar, yaani naipenda!

"Mama Yustina, usisimame popote," daktari akanikabidhi boksi. "Vikiyeyuka, mtoto anarudia mpira."

Nami nikasimama! Kengele ya misa ya mchana ililia, nikasema dakika tano tu nimwombee mwanangu, nikasukumia boksi chini ya benchi. Kumbe ndani mna barafu kavu, ile isiyotoa maji, inatoa moshi. Kwaya inaimba, moshi unanipanda miguuni, mama mmoja nyuma akapiga kelele, "Jamani, Mama Yustina anaungua!" na mzee katekista (Mungu ambariki) akafunua boksi akamwagia ndoo nzima ya maji ya baraka, weee, moshi ukafumuka ukajaa kanisa, watu wakakimbilia nje kupitia madirisha, padri anakohoa, mimi nimelowa chapachapa, nimekumbatia boksi nalia, "Ni utumbo! Utumbo wa mwanangu!" (hapo hata waliobaki wakakimbia).

Nikatoka mbio hadi maabara. Fundi wao, binti mmoja anaitwa Rehema, hakunifokea, alivaa glavu akafuta vichupa vya vinyama kimoja kimoja. "Vifuniko vimekaza, mama. Ngoja tupime."

Nikakaa mlangoni na rozari mpaka alasiri. Akatoka anacheka: "Vyote vizima. Yustina harudii mpira."

Nikapiga magoti palepale.

"Inuka mama, utalowa tena, wamepiga deki sasa hivi!"

Sirudii. Mungu anasikia hata ukiomba unatembea. Ukimjua yeyote anayetumwa na boksi kama lile, msimulie mkasa huu, hata jina langu mtajie, aibu yangu imfunze.